Mpira Mmoja, Watoto 900: Dhana Potofu Kuhusu Fedha za Michezo Shuleni

Mpira wa shule yetu unalala kwenye kabati la ofisi ya mwalimu mkuu, rafu moja na muhuri na vitabu vya risiti. Ni mmoja, wa ngozi, na watoto wamezidi 900. Mimi ni mzazi na mjumbe wa kamati ya shule hapa jijini Arusha, na katika vikao vyote nilivyokaa nimesikia sababu nyingi za mpira huo kubaki kabatini. Chache ni za kweli. Nyingine zimerudiwa mpaka zimeota mizizi, na kila bajeti ikija zinatumika kama ushahidi.

"Elimu ni bure, kwa hiyo hela za michezo hazipo"

Hii hutangulia zote, na ikishasemwa watu huangalia saa. Nusu yake ni kweli. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji, ile walimu wanayoiita kapitesheni, iliwekwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Shilingi 4,000 zilibaki Serikalini kwa ajili ya vitabu, na 6,000 zikawa zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Gawa kwa miezi 12 unapata 500 kwa mtoto kwa mwezi, bei ya maandazi mawili matatu. Shule ya watoto 900 inapata 450,000 kwa mwezi, na humohumo zitoke chaki, karatasi za mitihani, bawaba za milango na koki za maji ambazo watoto hawachoki kuzivunja.

Wanaolalamika kwamba ni ndogo wana haki. Hesabu ya dola 10 kwa mtoto ilianza na MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002, dola ikiwa karibu shilingi 1,000. Shilingi 10,000 ya wakati ule na ya leo zinafanana jina tu.

Lakini ndogo si sawa na hakuna. Shule huandaa mpango na bajeti yake, kamati inaupitisha, na tangu mwaka 2017 matumizi yanapita kwenye FFARS, mfumo wa Serikali wa uhasibu na taarifa za fedha za shule na vituo vingine. Kisichoandikwa kwenye mpango hakina mlango wa kutokea. Nilipouomba mpango wetu wa mwaka juzi, michezo niliikuta. Iliandikwa hivi: "Vifaa vya michezo na dharura nyingine." Ilikuwa imepangiwa hela kabisa. Ila mwezi wa nne mvua ilibomoa karo la choo cha wavulana, na dharura ikala sahani nzima. Simlaumu mwalimu mkuu kwa choo, ningekuwa yeye ningefanya vilevile. Ninachohoji ni nani aliyeiweka michezo chungu kimoja na dharura, na sisi wajumbe tukapiga kura ya ndiyo bila kusoma.

"Mbona timu yetu inakwenda UMITASHUMTA? Michezo ipo"

Hapa ndipo pesa nyingi inapopotelea, na ndipo wazazi tunapodanganyika kwa urahisi, kwa sababu timu inaonekana. Ina jezi, inapigwa picha, inarudi na kikombe.

Mashindano hayo ya shule za msingi hupanda ngazi: shule, kata, wilaya, mkoa, taifa. Kila ngazi ina nauli, chakula cha kambi, posho ya walimu, na wenye bahati hufika mbali. Kuanzia mwaka 2022 hadi 2024 fainali za taifa zilikuwa Tabora, na anayeijua barabara ya kutoka huku Kaskazini hadi Tabora anajua maana ya kulisha watoto njiani. Ni jambo jema. Mtoto wa Arusha akilala bweni moja na mtoto wa Lindi, wote wanarudi wakubwa kidogo. Kuna soka, netiboli, riadha, mpira wa wavu na wa mikono, hata mpira wa goli kwa watoto wasioona.

Sasa hesabu vichwa. Shule ya watoto 900 ikipeleka wanamichezo 25 ngazi ya kata, waliobaki ni 875. Fedha ya mwaka mzima, jezi, raba za kutafutwa mnadani Tengeru siku ya Jumamosi, maji ya chupa, vyote vimekwenda kwa wale 25, ambao wangecheza hata bila sisi kwa sababu tayari wanaupenda mpira. Mtoto mnene, mwoga, yule anayechaguliwa wa mwisho kila mara, hakuguswa hata na shilingi.

Na wasichana. Darasa la sita na la saba wengi wanaacha kucheza kimyakimya. Ukiwauliza watakwambia hawapendi. Mwalimu wa kike akiwauliza, jibu linabadilika: hakuna pa kubadilishia nguo, na siku za hedhi hakuna pedi. Sijawahi kuona kamati ikiziandika pedi na pazia la chumba chini ya kichwa cha "michezo", ilhali ndivyo vifaa vya michezo ambavyo vingerudisha wachezaji wengi kuliko mipira kumi.

Mwaka 2016 Serikali ilisitisha mashindano hayo ili fedha ziende kwenye madawati. Mwanangu wa kwanza alikuwa darasa la tano. Kilichonishangaza si uamuzi wenyewe, kwani wapo watoto waliokuwa wanakaa sakafuni. Kilichonishangaza ni kwamba shuleni kwake, mashindano yaliposimama, kila kitu kilisimama. Nyasi zikaota golini. Kumbe hatukuwa na michezo, tulikuwa na maandalizi ya mashindano.

"Hilo si somo, ni la kupumzisha akili"

Fupi: ni somo. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, una somo la Sanaa na Michezo, lenye muhtasari na vipindi kwenye ratiba kama Jiografia. Kipindi chake kikigeuzwa cha kufagia uwanja au cha "kumalizia Hisabati", kimeibwa.

Pagumu ni mwalimu. Waliosomea michezo, kwa mfano Chuo cha Ualimu Butimba, hawatoshi kila shule, na wengi wanaopewa kipindi hiki wamekabidhiwa filimbi na baraka. Kwa hiyo wanaodhani ukishanunua vifaa umemaliza nao wamekosea. Siku mbili za mafunzo kwa walimu watatu zinaweza kufaa kuliko seti nzima ya jezi, ila mafunzo hayapigwi picha.

"Wakicheza, ufaulu utashuka"

Wenye hofu hii si wajinga. Shule inapimwa kwa matokeo ya darasa la saba, na bango la matokeo ndilo mzazi analolisoma kwanza. Lakini jambo hili limeshajaribiwa. Trois-Rivières, mji wa Quebec nchini Kanada, katika miaka ya 1970, watoto wa shule za msingi waliongezewa saa moja ya michezo kila siku ya shule, na muda huo ukakatwa kwenye masomo mengine. Kufikia madarasa ya juu walikuwa sawa na wenzao au mbele kidogo, pamoja na kusoma saa chache.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2020, linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili kwa nguvu ya wastani au zaidi. Mzee mmoja alisimama kikaoni: "Mwenyekiti, wangu anateka maji asubuhi na kufuata ng'ombe jioni, hizo dakika 60 anazimaliza kabla ya chai." Ana hoja, nami nilimpa. Kazi inahesabika. Ila ndoo haimfundishi mtoto kupasiana, kushindwa bila kununa, wala kuanguka bila kuvunja mkono. Na mtoto wa mama anayeishi chumba kimoja ghorofani hana ng'ombe.

"Bayi alikimbia bila bajeti"

Sisi watu wa Arusha tunaipenda sana hii. Filbert Bayi, mtoto wa Karatu, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch tarehe 2 Februari 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Juzijuzi, Septemba 2025, Alphonce Simbu akachukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde. Basi tunahitimisha kwamba mwinuko wa ardhi na ugali vinatosha.

Tunachoruka ni kwamba wote wawili walikuwa wanajeshi. Yupo aliyewalipa mshahara wakafanya mazoezi wakiwa na uhakika wa chakula. Fedha ilikuwepo, ila ilikuja baada ya wao kuonekana. Swali la shule ya msingi ni la wale ambao hawakuonekana.

"Tumejengewa uwanja wa AFCON, michezo imepata hela"

Uwanja wa Olmoti, wa watazamaji 30,000 kwa ajili ya AFCON ya 2027 tunayoiandaa na Kenya na Uganda, uko chini ya wizara yenye dhamana ya michezo. Shule ya msingi inaendeshwa na halmashauri chini ya TAMISEMI. Muhtasari wa somo unatoka Taasisi ya Elimu, chini ya Wizara ya Elimu. Ni nyumba tatu, na mpira wetu wa kabatini hauna chumba maalumu hata kwenye moja. Kiwanja chetu wenyewe kiko kwenye hatari iliyo karibu zaidi: hakijapimwa, na kila mwaka uzio wa jirani unasogea hatua moja. Kukipima na kukipatia hati kungekuwa matumizi bora kabisa ya michezo, na hayahitaji jezi. Kiwanja cha netiboli kinataka mita 30.5 kwa 15.25 tu. Kikimegwa, hakuna ruzuku itakayokirudisha.

"Kuchangia ni marufuku"

Si marufuku. Kilichokatazwa ni mchango wa lazima, na mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi hajatoa. Wazazi wakikubaliana wenyewe, utaratibu wa halmashauri ukafuatwa na risiti ikaandikwa, wanaweza kuchangia. Tatizo letu ni aibu ya mara ya mwisho: zilichangwa hela za magoli ya chuma, na hadi leo magoli ni miti miwili ya mkaratusi. Nani atoe tena?

Jambo moja la Uingereza lilinivutia hapa, na si ukubwa wa pesa yao. Mwaka 2013 shule za msingi za England zilianza kupewa ruzuku maalumu ya michezo. Mwaka 2017 ikaongezwa maradufu kwa hesabu ya kodi mpya ya vinywaji vyenye sukari: pauni 16,000 kwa shule yenye watoto 17 au zaidi, pamoja na pauni 10 kwa kila mtoto. Shule ya watoto 300 ikawa inapata 19,000. Sisi hatufiki huko. Lakini fedha hizo hazikuruhusiwa kuziba mapengo ya bajeti ya kawaida, na shule ililazimika kutangaza kwenye tovuti yake ilizitumiaje, pamoja na idadi ya watoto wa mwaka wa mwisho wanaoweza kuogelea mita 25. Hilo la kutangaza halihitaji pauni. Linahitaji karatasi na pini nne, na ubao wa matangazo tunao.

Mwaka huu mstari wa michezo umetenganishwa na dharura. Nilibishana vikao viwili mpaka nikaitwa msumbufu. Karatasi ya mapato na matumizi ikabandikwa ubaoni: mipira minne, kamba za kuruka 30, chokaa mifuko miwili, pazia na bomba la chumba cha wasichana. Wiki iliyofuata yule mzee wa ng'ombe alisimama mbele yake muda mrefu, miwani mkononi, akasoma mstari kwa mstari. Kisha akaja ofisini akabisha hodi.

"Mwalimu," alisema, "hapa pameandikwa mipira minne. Uwanjani nimeona mitatu. Wa nne uko wapi?"

Mwalimu mkuu akainuka akafungua kabati.