Pemba si Unguja ndogo: dhana potofu za wanaohamia Chake, Wete na Mkoani

Wengi wanaohamia Pemba huja na picha ya Unguja kichwani: Nungwi, Paje, Mji Mkongwe, mchanga mweupe nje ya dirisha. Wengine, khasa watoto wa Kipemba waliokulia Dar es Salaam au Mombasa, huja na hadithi za bibi na babu. Picha zote mbili huharibu hesabu za nyumba, za fedha na za safari. Hizi ndizo dhana zinazorudi kila mara, na hali halisi ilivyo.

Dhana: Kuhamia mji wa Pemba ni kukaa ufukweni

Hii ndiyo inayovunja watu moyo mapema zaidi. Chake Chake na Wete zimekaa juu ya vilima, na chini yake kuna hori: mkono wa bahari ulioingia ndani, umezungukwa na mikoko na matope. Maji yakikupwa, hori la Chake hubaki mfereji mwembamba katikati ya tope, ndiyo maana vyombo vya mizigo vinatumia bandari ya Wesha, nje kidogo ya mji upande wa magharibi. Mkoani ndiyo yenye maji ya kina na bandari kuu, lakini nayo ni mji wa mlimani unaoteremkia bandarini. Mchanga unaopigiwa picha, kama wa Vumawimbi, uko kaskazini kabisa, nyuma ya msitu wa Ngezi. Kutoka Chake unapanda gari hadi Konde, mji mdogo wa kaskazini, kisha unakodi pikipiki.

Asiyeyajua maji atapoteza siku nyingi. Bamvua, yaani siku za maji makubwa, huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na tofauti ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Siku hizo maji hukupwa sana mnamo saa 4 asubuhi na hujaa mnamo saa 10 jioni. Kila siku nyakati husogea mbele kwa takriban dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki moja, yakiwa maji mafu, mambo yamegeuka: maji hujaa asubuhi na tofauti yake ni ndogo. Ukipanga kwenda kisiwa cha Misali na watoto, tazama mwezi kabla ya kuzungumza na nahodha, la sivyo mtabeba mabegi kichwani kwenye tope.

Jambo hilo hilo linahusu kiwanja "cha baharini". Usikitazame asubuhi ya bamvua, maji yakiwa mbali. Kitazame saa 10 jioni siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Ukiona mashimo ya kaa, miche ya mikoko au mstari wa takataka zilizokauka ndani ya mipaka, maji hufika hapo. Shimo la choo litakalochimbwa hapo litajaa maji kutoka chini kabla halijatumika.

Dhana: Ukishalipa kiwanja, ni chako na kila kilichomo

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na ndipo inapobidi kwenda polepole.

Kwanza, ardhi si jambo la Muungano. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ikawa mali ya Serikali, na sheria ya ardhi Na. 12 ya 1992 imeendeleza msingi huo. Mtu hupewa hati ya haki ya matumizi ya ardhi, na haki hiyo ni ya Mzanzibari. Mtanzania wa bara aliyezoea hati ya kwao asidhani utaratibu ni ule ule. Asiyekuwa Mzanzibari huingia kwa mlango wa ukodishwaji. Aende Kamisheni ya Ardhi kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba.

Pili, kuna eka tatu. Ni mashamba ya eka 3 yaliyogaiwa wananchi miaka iliyofuata Mapinduzi. Yanarithiwa, lakini aliyepewa hana haki ya kuyauza. Muuzaji akikuambia "hii ni eka ya baba", swali linalofuata si bei, ni kama kuna kitu cha kuuza hapo.

Tatu, na hili huwashangaza wageni wote: Zanzibar miti huweza kuwa na mwenyewe tofauti na ardhi. Kiwanja kinaweza kuwa na minazi ya shangazi, mikarafuu miwili iliyowekwa rehani, na mwembe wa jirani aliyehamia Tanga. Umemlipa mwenye ardhi. Siku ya kufyeka, wenye miti wanatokea, na wana haki. Mkarafuu una uzito wake peke yake, kwani kuukata bila kibali ni kosa. Kabla ya kulipa, tembea kiwanja kizima pamoja na muuzaji, majirani wa pande zote na sheha, kiongozi wa shehia (eneo dogo la utawala). Hesabuni miti mmoja mmoja, muandike kila mti ni wa nani na umelipwa au haujalipwa, na warithi wote wa muuzaji watie saini. Mashamba mengi ya Pemba ni ya mirathi ambayo haijagaiwa, na saini ya ndugu mmoja haiwafungi wenziwe.

Dhana: Mji mdogo hauna urasimu, ukifika umefika

Kinyume chake, mji mdogo unajulikana nani kalala wapi. Sheha ndiye mwenye kumbukumbu za wakaazi wa shehia yake, wanaoingia na wanaohama. Nenda kwake wiki ya kwanza ukiwa na kitambulisho, mkataba wa nyumba na barua kutoka kwa sheha wa unakotoka, au serikali ya mtaa ikiwa unatoka bara. Barua yake itahitajika unapomhamishia mtoto skuli, unapoomba umeme na unapofuatilia kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi. Elimu ya skuli na afya nazo si za Muungano, kwa hiyo uhamisho wa mtoto kutoka bara uanze mapema, kabla muhula haujafunguliwa, na bima ya bara usiitegemee mpaka hospitali yenyewe ikuambie inaipokea.

Kuhusu nyumba ya kupanga, mwenye nyumba aghlabu hutaka kodi ya miezi 6 au mwaka kwa pamoja. Kabla ya kutoa fedha hizo, uliza mambo matatu: mita ya umeme ni ya nyumba hiyo peke yake au mnachangia, maji huja siku gani, na karo la choo liko wapi. Udongo wa Pemba sehemu nyingi ni mfinyanzi. Haunyonyi maji upesi kama jiwe la matumbawe la Unguja mashariki, kwa hiyo karo dogo linalotosha Paje hufurika Wete wakati wa masika. Udongo huo huo huteleza kwenye miteremko. Nyumba iliyojengwa kwenye kilima bila ukuta wa kuzuia udongo na mfereji wa kuelekeza maji hupasuka ukutani msimu wa kwanza au wa pili.

Dhana: Pemba hakuna umeme

Kuna. Tangu 2010 kisiwa kimeunganishwa na gridi ya taifa kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo kilitegemea majenereta ya Wesha, na sifa mbaya ya enzi hizo haijafutika. Watu pia huichanganya na giza la Unguja la 2008, na lile lililoanza Desemba 2009 likaendelea hadi mwanzoni mwa 2010. Hizo zilikuwa hitilafu za njia ya umeme ya Unguja. Mita za kulipa kabla huitwa TUKUZA. Umeme hukatika na nguvu yake hupanda na kushuka, kwa hiyo friji iwekewe kifaa cha kulinda.

Maji ndiyo yanayotaka mpango zaidi. Mtandao wa ZAWA, mamlaka ya maji ya Zanzibar, upo mijini, ila maji huja kwa zamu na nyumba za juu ya kilima hupata presha ndogo, mara nyingi usiku tu. Hesabu ni rahisi: watu 6 kwa lita 50 kila mmoja ni lita 300 kwa siku. Tangi la lita 1,000 ni siku tatu, la 2,000 linakaribia wiki. Kumbuka tangi la lita 1,000 lililojaa ni tani nzima. Likiwekwa juu ya matofali yaliyopangwa kwenye mfinyanzi, huinama mvua ikinyesha na kung'oa mabomba. Mwaga zege.

Dhana: Kisiwa ni kidogo, kila kitu kiko karibu

Pemba ina urefu wa takriban kilomita 67, barabara zake zinapanda na kuteremka, na sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu 540,000. Mwenye kazi Wete na mizigo Mkoani anavuka karibu kisiwa kizima. Gari za abiria zipo asubuhi kwa wingi, hupungua alasiri, na baada ya magharibi ni bahati. Anayekaa Mkoani asipange miadi ya jioni Konde.

Bahari ya kwenda Unguja nayo ina wakati wake. Chombo kikishaipita ncha ya kaskazini ya Unguja kinatoka kwenye kinga ya kisiwa na kuingia mkondo wa Nungwi, ambako kusi, upepo wa takriban Mei hadi Septemba, hugonga bila kizuizi. MV Spice Islander I ilizama huko Septemba 10, 2011, ikiwa imejaza kupita kiasi. Usipande chombo kilichojaa, hata kama ni cha mwisho wiki hiyo. Usidhani boti ya haraka ipo kila siku, kwa hiyo mwenye miadi ya hospitali au mahakama Unguja aondoke siku mbili kabla. Dawa ya kichefuchefu inywewe saa nzima kabla ya kuondoka. Ukingoja mpaka Nungwi umechelewa. Samani zikipelekwa kwa jahazi, funga kila kitu kwa nailoni mara mbili, magodoro yapakiwe mwisho na juu, kwa kuwa maji ya bahari huingia chini na chumvi yake haikauki.

Dhana: Maji ya mtoni na kwenye madimbwi ni salama kuliko bahari

Mgeni kutoka mjini huona kijito cha baridi kati ya migomba akawaachia watoto wakoge. Pemba ina kichocho cha mkojo. Vimelea vyake huishi ndani ya konokono wa maji baridi, hutoka kwa wingi zaidi jua la mchana, na hupenya ngozi hata isiyo na jeraha kwa dakika chache. Si lazima kuyanywa maji. Dalili ya kawaida ni damu mwishoni mwa mkojo, na huonekana wiki au miezi baadaye, wakati watu wameshasahau kijito. Dawa yake ni praziquantel, kipimo hutegemea uzito au urefu, na vituo vya afya vinaifahamu vizuri. Kampeni za miaka mingi zimepunguza sana ugonjwa, lakini sehemu chache zenye konokono bado zipo, na wanaozijua ni wenyeji. Uliza kabla ya kuvua viatu.

Malaria nayo imeshuka mno Zanzibar, na sehemu kubwa ya wagonjwa ni waliosafiri. Kwa sababu hiyo, ukitoka bara na homa, pima siku hiyo hiyo. Ukikutwa nayo, wahudumu wanaweza kufika nyumbani kuwapima wengine, na hilo ni utaratibu wa kawaida.

Dhana: Historia iko Mji Mkongwe, Pemba ni mashamba

Karne nyingi kabla Mji Mkongwe haujawa mji, Pemba ilikuwa na miji. Mtambwe Mkuu, ng'ambo ya Wete, mwaka 1984 wachimbaji walipata akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na chache za dhahabu. Ras Mkumbuu kuna msikiti na makaburi ya nguzo. Pujini kuna ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa kale ambaye hadithi za ukatili wake bado husimuliwa kwa raha kubwa. Ngome ya Chake, ambayo sehemu yake ilibomolewa ili kujenga hospitali, leo ni makumbusho. Mtambwe Mkuu huvukika kwa miguu maji yakikupwa, kwa hiyo rudi tena kwenye hesabu ya bamvua: vuka yakiendelea kukupwa, geuka kabla hayajaanza kujaa. Usiokote vigae.

Dhana: Hakuna pa kujiburudisha

Hakuna disko, kweli. Kuna mpira kwenye uwanja wa Gombani, dhumna na bao barazani, mchezo wa ng'ombe wakati wa kiangazi (ng'ombe hauawi, na wanaokimbizwa zaidi ni watu), popo wakubwa wa Pemba huko Kidike, na Misali kwa anayependa kuzamia. Misali ina sehemu zilizofungwa kwa uvuvi. Nahodha akikwambia "hapa hapana mtu", waulize walinzi wa hifadhi.

Na uchawi? Kila anayehamia huulizwa na ndugu zake. Pemba kuna waganga kama ilivyo pwani nzima, na mpangaji anayelipa kodi na kusalimia majirani hana shughuli nao.

Dhana: Ukiwa na mikarafuu una mshahara

Mikarafuu haizai sawa kila mwaka. Msimu mkubwa hufuatwa na mwembamba. Mnunuzi ni mmoja kisheria, ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na kusafirisha bila kibali ni magendo. Gharama kubwa ni wachumaji, hulipwa kwa kiasi walichochuma, na karafuu ikishachumwa lazima ianikwe juani siku kadhaa. Ikinyeshewa hupoteza rangi na bei. Hata usiye na mti mmoja msimu utakugusa: unapoanza, mara nyingi mnamo Julai, saidia wa fundi wako atakuwa juu ya mkarafuu, na nyumba yako itasimama kwenye lenta mpaka ashuke. Zege la msingi na kuta zimalizwe kabla ya hapo.