Je, wajua kwa nini namba ya simu ya intaneti ya Dar es Salaam husubiriwa zaidi kuliko ya London?

Namba ya intaneti ni namba ya simu inayoita kwenye kifaa chako kupitia intaneti, popote ulipo. Ukitaka ya London kwenye huduma ya kupiga simu kwa intaneti, mara nyingi unaichagua kwenye orodha, unalipa, na baada ya dakika chache inaita. Ukitaka ya Dar es Salaam au Nairobi, ili mama aliyeko Temeke akupigie huko Houston kwa bei ya simu ya ndani, unaambiwa usubiri, na wiki zinaweza kukatika. Wengi hudhani kampuni imelala. Kumbe namba haitengenezwi na kampuni hiyo.

Namba za simu ni rasilimali ya taifa. ITU, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia mawasiliano, limeipa kila nchi msimbo wake: Kenya 254, Tanzania 255, Uganda 256. Namba nzima ya kimataifa haipaswi kuzidi tarakimu 15. Zinazofuata baada ya msimbo hupangwa na mamlaka ya nchi husika, yaani TCRA kwa Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Mamlaka haimgawii mtu namba moja moja. Inaipa kampuni yenye leseni fungu zima. Chukua namba ya mezani ya Dar es Salaam: +255, kisha 22, kisha tarakimu saba. Mwenye fungu la namba 10,000 amepewa tarakimu tatu za mwanzo kati ya hizo saba, na nne za mwisho anazijaza mwenyewe, kuanzia 0000 hadi 9999.

Kampuni ya intaneti iliyoko ng'ambo, isiyo na leseni nchini, haina fungu. Inabidi ikodi namba kwa kampuni ya ndani, wakati mwingine kupitia dalali wa tatu, na ombi lako hupita mikono yote hiyo. Hata Marekani kampuni hizi zilikuwa zikipata namba kupitia kampuni za simu za kawaida, mpaka FCC, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, ilipotoa kanuni mwaka 2015 ya kuziruhusu ziombe zenyewe. Namba za London huja upesi kwa sababu mafungu tayari yako mikononi mwa kampuni nyingi na njia zake zimeshafunguliwa. Si Ulaya yote iko hivyo, maana Ujerumani hudai uthibitisho kwamba una anwani katika mji wenye msimbo unaoutaka.

Kwa nini mamlaka zinabana namba hizi? Jibu liko kwenye pesa. Simu inayoingia kutoka nje ya nchi kwa kawaida hulipiwa gharama kubwa za maingiliano kuliko ya ndani, yaani malipo ambayo mtandao mmoja huulipa mwingine ili upokee simu yake. Wahalifu huingiza simu za nje kwa intaneti, wakazitoa kwenye sanduku lililojaa laini za simu, na simu ya kutoka ng'ambo ikaonekana kama ya jirani. Anayekodisha namba halali hataki kuchanganywa na biashara hiyo, ndiyo maana atataka kujua ni nani hasa yuko nyuma ya namba.

Hapa ndipo maombi mengi yanapokwama. Andaa pasipoti au kitambulisho, uthibitisho wa anwani, na kwa kampuni, cheti cha usajili pamoja na namba ya mlipakodi. Jina liandikwe herufi kwa herufi sawasawa kwenye karatasi zote. Ukiwa "Mohamed" kwenye pasipoti na "Mohammed" kwenye bili, faili linaweza kurudishwa na ukaanza foleni upya. Piga picha pembe zote nne za waraka zionekane.

Karatasi zikikubaliwa, bado kuna kazi ya njia. Mtambo wa kila mtandao husoma tarakimu za mwanzo za namba iliyopigwa na kutafuta kwenye jedwali lake ipeleke simu wapi. Fungu likiwa jipya, kila mtandao lazima uliingize. Mmoja ukichelewa, namba yako itaita ukipigiwa kutoka mtandao mwingine, na kwa huo uliochelewa itasemekana haipo. Sikiliza maneno yenyewe: ukiambiwa namba "haipo", shuku jedwali la njia, uwaarifu watoa huduma; ukiambiwa "haipatikani kwa sasa", huenda njia ni nzima na kifaa chako ndicho hakijaunganishwa na seva ya kampuni iliyokupa namba.

Kwa hiyo usichapishe namba kwenye kadi siku unayoipokea. Ipigie kutoka kila mtandao mkubwa wa nchini, kisha kutoka nje. Ongea walau dakika moja. Simu ikikatika karibu na sekunde ya 32, hilo ni kosa linalojulikana: kifaa chako kimepokea simu na kutuma taarifa ya kupokea, lakini uthibitisho kutoka upande wa pili haurudi, kinarudia mpaka muda uliowekwa unaisha, kisha kinakata. Mara nyingi mkosaji ni ruta. Ingia kwenye mipangilio yake, zima kipengele kiitwacho SIP ALG, ambacho huingilia taarifa za simu za intaneti zinazopita kwenye ruta, ujaribu tena. Unamsikia mwenzako naye hakusikii? Anzia hapohapo. Sauti ikikatakata, pima intaneti: mfumo wa sauti wa G.711 hula takriban kilobiti 90 kwa sekunde kila upande, si nyingi, ila unataka mtiririko usioyumba.

Usiitegemee namba hii kwa kila kitu. M-Pesa haifunguki juu yake, kwa kuwa huduma hiyo inakaa kwenye laini. Namba za aina ya mezani nyingi hazipokei ujumbe mfupi, kwa hiyo namba za uthibitisho za benki hazitafika. Kwa aliyeko Muscat au Dubai, uliza kwanza programu gani zimeruhusiwa, maana simu za intaneti huko hubanwa.

Tena namba ni ya kukodi. Ukiacha kulipa, hurudi ghalani na baadaye hupewa mtu mwingine. Skype ilipofungwa Mei 2025, waliotaka kubaki na namba zao walilazimika kuzihamishia kampuni nyingine, pale ambapo uhamisho uliwezekana. Tanzania ina utaratibu wa kuhama mtandao bila kubadili namba ya simu ya mkononi tangu 2017, Kenya tangu 2011, lakini kwa namba ya intaneti uliza kabla ya kulipa: inahamishika, na kwa jina la nani imesajiliwa? Siku ya kuhama, usifunge akaunti ya zamani mpaka umesikia namba inaita kwenye kampuni mpya.