Reli ya taifa "kusawazisha" usalama, utendaji, ukuaji na gharama, maana yake nini hasa?

Ukisikia watu wa reli wanasema "tunasawazisha" usidhani wana mizani na kila kitu kinapewa robo yake. Usalama, utendaji (yaani treni ifike kwa wakati na isifie njiani), ukuaji (abiria zaidi, mizigo zaidi) na gharama, vyote vinne vinagombania njia ileile na masaa yaleyale 24. Fundi akiwa njiani anabadili reli, treni haipiti. Treni zikipita, fundi anasubiri pembeni. Ugomvi wenyewe ndo huo.

Chukua ukuaji. Treni ya kilomita 200 kwa saa inahitaji zaidi ya kilomita nzima kusimama, kwa hiyo taa za njiani zinaziachanisha treni mbali, na juu ya hapo mpanga ratiba anaweka dakika za akiba ili moja ikichelewa isiburuze ya nyuma. Sasa ukitaka treni nyingi bila kujenga njia mpya unazila zile dakika, halafu asubuhi moja mlango wa behewa unagoma kufunga na treni kumi zinachelewa, na hakuna aliyezembea, ni utendaji umeuzwa kununua ukuaji.

Gharama ndo ina ujanja kuliko zote. Ukikata pesa ya matengenezo mwaka huu hakuna kinachotokea mwaka huu, hesabu zinapendeza tu, ila deni limejificha kwenye chuma cha reli.

Uingereza waliliona hilo Hatfield, 17 Oktoba 2000. Reli yenye nyufa ndogondogo ilivunjika vipande zaidi ya 300 treni ikiwa juu yake, watu 4 wakafa. Na nyufa zilikuwa zinajulikana! Reli mpya zilishaletwa, zimelala pembeni ya njia miezi kadhaa zinasubiri kufungwa. Baada ya hapo Railtrack, kampuni iliyokuwa na njia zote, ikaingiwa na hofu, kwa sababu haikuwa na picha kamili ya hali ya reli zake yenyewe, ikaweka vikomo vya spidi zaidi ya 1,000 nchi nzima. Ratiba ikavurugika, abiria wengine wakahamia kwenye magari, ambako hatari kwa kila kilomita ni kubwa kuliko kwenye treni (hapo usalama umeongezeka au umepungua? jibu mwenyewe). Fidia na gharama zikapanda, na Oktoba 2001 kampuni ikawekwa chini ya msimamizi. Kwa hiyo ile pesa "iliyookolewa" ilikula vyote vinne.

Basi wanaamuaje pa kuishia? Huko Uingereza kuna kanuni inatokana na kesi ya mgodi wa makaa ya mawe ya mwaka 1949: hatari lazima uipunguze, mpaka pale ambapo pesa, muda na usumbufu wa kuipunguza zaidi umezidi faida kwa mbali sana. Kuzidi kidogo hakukuruhusu kuacha. Watu wengi wanaielewa kinyume, wanadhani ni ruhusa ya kubana matumizi.

Mfano wake ni breki zinazojifunga zenyewe dereva akikosea. Baada ya ajali ya Clapham 1988, vifo 35, ilipendekezwa mfumo kamili unaomsimamia dereva muda wote. Ukaonekana ghali mno kuufunga nchi nzima, wakachagua mdogo wa bei nafuu, unaofungwa kwenye taa zenye hatari zaidi, ambao treni ikija kasi sana inaweza kupitiliza kabla haijasimama. Mi naona uchaguzi wenyewe ulikuwa sawa, kwa pesa ileile unalinda sehemu nyingi mapema. Shida ilikuwa muda: kazi ya kuufunga ilikamilika mwisho wa 2003, na katikati hapo, 1999, treni ilipita taa nyekundu Ladbroke Grove, wakafa 31.