Mwanasaikolojia wa mahakamani: kazi yake ni ipi hasa?

Kaa kijiwe chochote cha kahawa hapa Tabora, iwe Kanyenye au Isevya, siku ambayo kesi ya mauaji imetajwa Mahakama Kuu. Lazima atokee mmoja aseme "huyo atajifanya chizi, ataachiwa", na mwingine adakie kwamba kuna wataalam wakikuangalia usoni tu washajua unadanganya. Wote wamepiga nje.

Mwanasaikolojia wa mahakamani ni mtu aliyesomea akili na tabia za watu, halafu ujuzi wake unatumika kujibu swali la kisheria. Na swali lenyewe ni jembamba sana. Hasemi nani kaua wala nani mbaya. Anaulizwa, mfano, huyu mshtakiwa leo hii anaelewa kesi inayomkabili na anaweza kuongea na wakili wake wakaelewana? Au anaulizwa, ile siku ya tukio alijua anachofanya, na alijua ni kosa? Haya ni maswali mawili tofauti na watu wanayachanganya kila siku, maana mtu anaweza kuwa mzima kabisa leo ila siku ile alikuwa amechanganyikiwa, na kinyume chake pia.

Hilo swali la pili lina historia. Mwaka 1843 huko London Daniel M'Naghten alimpiga risasi katibu wa waziri mkuu akiwa anaamini serikali inamwandama, na kanuni zilizotokana na kesi ile ndo zilisambaa nchi nyingi zilizopitiwa na Mwingereza, na sisi tumo. Kanuni ya Adhabu yetu inaanza kwa kumchukulia kila mtu kuwa ana akili timamu mpaka ithibitike vinginevyo. Mahakama ikipata shaka inaamuru apelekwe hospitali ya akili, wengi wanaishia Isanga kule Dodoma, na daktari mkuu wa hospitali anapewa siku 42 kuleta ripoti. Kwa hiyo kwa Tanzania anayetajwa na sheria ni daktari, yule anayetibu na kuandika dawa. Mwanasaikolojia kazi yake ni vipimo na mahojiano, hagusi dawa. Na hata mtu akionekana kweli hakuwa na akili timamu, haambiwi haya nenda nyumbani, anawekwa chini ya uangalizi na anaweza kukaa huko muda mrefu sana.

Sasa kujifanya chizi. Kuna kipimo kimoja unaonyeshwa picha 50 za vitu vya kawaida, baadaye unaletewa mbilimbili uchague ipi uliiona. Ni rahisi kiasi kwamba hata mgonjwa kweli anapata nyingi, na anayebahatisha tu macho yamefumba atapata kama 25. Sasa wewe mjanja ukipata 10, maana yake majibu ulikuwa unayajua ukayakwepa! Hakuna cha kusoma uso hapo. Tena hawategemei kipimo kimoja, wanaangalia na kadi za kliniki, wanaongea na ndugu, wanauliza alivyokuwa analala na kula kabla ya tukio.

Kwa huku kwetu kuna jambo lingine zito, la uchawi. Mtu kamkata bibi kizee panga kwa sababu anaamini kamlogea mtoto. Je, huo ni ugonjwa? Mtaalam makini atauliza kwanza, hiyo imani ni yake peke yake au nusu ya kijiji wanaiamini? Kama majirani zake wote wanasema hivyohivyo basi imani yenyewe haimfanyi mgonjwa, na mimi naona hapa ndo mtaalam aliyekulia huku anamzidi aliyetoka mbali.

Kazi haiishii kwa washtakiwa. Kuna mashahidi. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Elizabeth Loftus na mwenzake kule Marekani waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari, wakabadilisha neno moja tu kwenye swali, badala ya "yalipogongana" wakasema "yalipopondana", na watu wakakadiria spidi kubwa zaidi. Mahakama ya Rufani yetu nayo kwenye kesi ya 1980 ya mtu aliyeitwa Waziri Amani ilisema utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu, lazima ujue mwanga ulikuwaje, umbali, na shahidi alimwangalia mtuhumiwa kwa muda gani. Wanasheria na wanasaikolojia wamekutana njiani hapo.

Jaji halazimiki kufuata maoni ya mtaalam, anaweza kuyakataa akitoa sababu. Ila kama una ndugu yako yuko rumande Uyui na alishawahi kutibiwa akili, iwe hospitali ya Kitete au popote, tafuteni ile kadi yake ya kliniki mapema mumpe wakili aliyepangiwa na mahakama, msisubiri mpaka kesi ianze kusikilizwa.