Jiwe Halikufanya Kitu, na Huenda Hata Kichupa Changu

Wiki iliyopita nililetewa mtoto wa miaka 11 aliyeumwa na nyoka kwenye kifundo cha mguu alipokuwa akiokota kuni, na juu ya jeraha lake palikuwa pamefungwa kijiwe cheusi, chepesi, kilichong'ang'ania ngozi kama kupe. Babu yake, aliyekuwa amempakata kwenye bodaboda kwa muda wa saa mbili, aliniomba nisikibandue. "Daktari, sumu imeshanyonywa," aliniambia kwa upole wa mtu anayemwelimisha kijana. "Kilichobaki ni uvimbe tu. Jiwe hili ndilo lililomponya jirani yangu." Mimi ni afisa wa kliniki katika hospitali ndogo huku Baringo, na habari za huyo jirani aliyeponywa na jiwe nimezisikia kutoka kwa watu wengi kiasi kwamba natamani siku moja nikutane naye mwenyewe, nimwombe anyamaze.

Niyamalize kwanza yale ambayo sina nguvu ya kuyabishania tena. Usichanje jeraha, usilinyonye, usilimwagie petroli, wala usiligusishe waya wa plagi ya pikipiki ili upate shoti. Usifunge kamba; lakini ikiwa imeshafungwa, usiifungue njiani, tuachie sisi tuilegeze baada ya kuweka dripu. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba, funga mguu kwa banzi usitikisike, kisha njoo. Nyoka mwenyewe mwache huko aliko, kwa maana picha ya simu iliyopigwa kwa mbali inatosha. Nimewahi kuwekewa mezani gunia ambalo aliyelileta aliapa kwamba limebeba maiti, na maiti hiyo ikaanza kujikunjua mbele ya wauguzi wawili.

Sasa jiwe. Kwa kawaida ni kipande cha mfupa wa ng'ombe kilichochomwa kikawa mkaa, na wamisionari ni miongoni mwa waliolisambaza sana barani Afrika, kwa hiyo wanaoliita dawa ya asili ya mababu wanawapa mababu sifa isiyo yao. Hushika kwenye jeraha kwa sababu lina vitundu vidogo vinavyofyonza majimaji, kama ulimi unavyonata kwenye kigae kikavu, na hudondoka likishashiba. Hufyonza damu kidogo ya juujuu, ilhali sumu imeshapenyezwa chini ya ngozi kwa meno yaliyo kama sindano, nayo haikai pale kwenye tundu ikingoja kunyonywa. Mwaka 2007 watafiti walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa panya waliodungwa sumu ya nyoka, na jiwe halikuwasaidia.

Kinachonikera zaidi ya jiwe lenyewe ni ule ushahidi wa jirani aliyepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu wapatao milioni 5.4 huumwa na nyoka, na kwamba wanaodhurika kwa sumu ni kati ya milioni 1.8 na milioni 2.7. Soma tena tarakimu hizo taratibu. Maana yake ni kwamba angalau nusu ya walioumwa hawakupata sumu ya kuwadhuru, ama kwa sababu nyoka hakuwa na sumu, ama kwa sababu alikuwa nayo lakini aliuma bila kuimwaga. Ukiwachukua watu 100 kama hao ukawabandika biskuti kwenye jeraha, 50 au zaidi watarudi nyumbani wakiisifu biskuti, na watakaokufa hawatakuja sokoni kutoa ushahidi wao. Katika mazingira hayo dawa yoyote inaweza kujipatia jina, na mtu mwaminifu kabisa anaweza kuisambaza maisha yake yote pasipo kusema uongo hata mara moja.

Wenzangu wa koti jeupe husoma hoja hiyo wakitabasamu, na hapo ndipo ninapotaka kuwaharibia tabasamu. Tangu Vital Brazil, daktari wa Brazili, aonyeshe kule São Paulo, zaidi ya karne moja iliyopita, kwamba antivenomu, yaani dawa ya kuivunja nguvu sumu ya nyoka, ya nyoka wa mahali pamoja haimfai mtu aliyeumwa na nyoka wa aina nyingine, hatuna kisingizio cha kuamini kwamba "sindano ya nyoka" ni moja. Antivenomu ya India hutengenezwa kwa sumu za nyoka wanne wa huko, na mmoja wao ni kipili mdogo ambaye ni ndugu wa huyu wetu wa nchi kame, yule anayesugua magamba yake yakalia kama mafuta ya kukaangia. Jina la ukoo ni moja, lakini sumu si moja. Polivalenti ya Afrika Kusini, yaani antivenomu moja ya nyoka wa aina nyingi, ambayo wengi wetu tunaiheshimu kwa haki, imetengenezwa kwa sumu za vifutu, swila na koboko. Kipili huyu hamo, na ana dawa yake ya peke yake. Mtu asiyesoma karatasi iliyo ndani ya boksi anaweza kumtundikia mgonjwa dripu safi kabisa ya dawa isiyomhusu.

Ghana walilipia somo hili kwa maiti. Antivenomu waliyoizoea ilipobadilishwa na kuletwa nyingine iliyotengenezwa India, vifo miongoni mwa walioumwa na kipili wa huko vilipanda kutoka asilimia 1.8 hadi asilimia 12.1. Uhaba ndio unaofungulia mlango bidhaa kama hizo. Fav-Afrique, antivenomu iliyotengenezwa na kampuni ya Sanofi Pasteur, ilikoma kuzalishwa mwaka 2014, na vichupa vya mwisho vikapitwa na wakati mwaka 2016. Mwaka uliofuata, timu ya watafiti wa Liverpool, Uingereza, ilichapisha matokeo ya kuzipima kwa panya bidhaa zilizokuwa zikipatikana Kenya, na baadhi yake zilionekana dhaifu mno dhidi ya sumu za nyoka wa ukanda huu.

Nami nina langu. Kuna mwaka tulipokea maboksi yenye neno Afrika lililoandikwa kwa herufi kubwa, na nilimpa mama mmoja vichupa vinane vya dawa hiyo katika siku mbili. Fizi zake ziliendelea kuvuja damu. Siku ya tisa damu yake ikaanza kuganda yenyewe, kama inavyoweza kutokea sumu inapoisha nguvu mwilini, akaenda nyumbani, na kwenye daftari la wodi pakaandikwa: "Amepona kwa antivenomu." Mwandiko ule ni wangu. Tofauti yangu na babu mwenye jiwe, siku ile, ilikuwa bei ya jiwe.

Njia ya kutoka katika upofu huu ni rahisi kiasi cha kuaibisha. Chukua mililita mbili za damu kutoka kwenye mshipa, uziweke katika neli ya kioo iliyo mpya, safi na kavu, uiache mezani bila kuigusa kwa dakika 20, kisha uiinamishe mara moja. Damu ikiwa imeganda, inabaki chini kama uji uliopoa. Ikiwa haijaganda, inamwagika kama chai ya rangi, na katika eneo letu hiyo maana yake ni kipili, ambaye sumu yake huizuia damu kuganda, mpaka ithibitike vinginevyo. Nasisitiza kioo, kwa sababu ni kioo kinachoichochea damu kuganda. Neli ya plastiki, au ya kioo iliyooshwa kwa sabuni, itakudanganya. Nasisitiza pia usiitikisetikise kila dakika mbili ili kuona imefikia wapi, tabia ambayo nimeshindwa kuiondoa kwa wanafunzi watatu mfululizo. Unarudia kipimo saa sita baada ya kutoa dawa, kwa kuwa ini linahitaji muda wa kutengeneza upya viini vya kugandisha damu, na hapo ndipo utakapojua kama kichupa kimefanya kazi. Rekodi matokeo hayo pamoja na namba ya shehena iliyoandikwa kwenye boksi. Laiti kila hospitali ya mashambani ingefanya hivyo, maboksi mabovu yangejulikana ndani ya msimu mmoja wa mvua.

Kipimo hiki kina mipaka, nami nisingependa unukuu nusu tu ya maneno yangu. Hakimsaidii aliyeumwa na koboko, ambaye damu yake inaweza kuganda vizuri huku kope zikishuka na pumzi ikikatika. Kwa kifutu hakitabiriki. Kwa swila anayetema mate, ambaye sumu yake huozesha nyama, hakikuambii kitu, na hapo nakiri kwamba mara nyingi natoa antivenomu nisijue kama itaiokoa ngozi au nimechelewa tayari. Sina uhakika wa kutosha pia kuhusu ni lini uvimbe peke yake unatosha kufungua kichupa cha mwisho kilichobaki kwenye friji, wakati usiku bado mrefu na huenda kuna mwingine yuko njiani. Jambo moja sina shaka nalo: mtoto hupewa kiasi kilekile cha mtu mzima, kwa sababu nyoka hakumpunguzia sumu kwa kuwa ni mdogo. Na kabla ya dripu natanguliza adrenalini kidogo chini ya ngozi, kama utafiti wa Sri Lanka wa mwaka 2011 ulivyoonyesha kwamba hupunguza mzio mkali unaoletwa na antivenomu yenyewe.

Tukirudi kwa babu, nilipoandaa neli ya mjukuu wake nilimwomba na yeye damu. Hiyo si michezo. Damu ya mtu mzima wa afya katika neli ya pili hukuthibitishia kwamba kioo chako hakina kasoro. Alikaa akizitazama neli mbili bila kupepesa, na dakika 20 zilipotimia nikamruhusu aziinamishe mwenyewe. Yake ilikaa tuli. Ya mtoto ikatiririka hadi mdomoni mwa neli, ikambidi ainyanyue haraka isimwagikie kanzu. Hakusema neno, nami kwa mara ya kwanza katika wiki nzima nilijua kunyamaza.

Jiwe sikulibandua; lilidondoka lenyewe wakati muuguzi akizungusha kichupa cha dawa ya unga taratibu kati ya viganja, maana ukikitikisa kinajaa povu. Zamani ningemgombeza mzee, lakini nimeona kwamba wanaogombezwa huchelewa zaidi safari inayofuata, na jiwe lenyewe haliui; kinachoua ni saa zinazopita mtu akilingoja lishibe. Kusini-mashariki mwa Nepal, wanavijiji walipoelimishwa na kupangiwa pikipiki za kuwakimbiza walioumwa, vifo vilishuka kutoka asilimia 10.5 hadi asilimia 0.5. Kwa hiyo siku hizi nasema: njoo na jiwe lako, mradi libandikwe ukiwa juu ya bodaboda.

Baada ya saa sita damu ya mtoto ilikuwa bado maji. Tukampa dozi ya pili, na saa ya 12 ikaganda. Walipokuwa wakiondoka, mzee aliloweka jiwe lake kwenye maziwa kama desturi inavyotaka, akalikausha kwa pindo la shuka, akalitia mfukoni, kisha akaniuliza kama ningeweza kumpa na ile neli ya kioo. Nilimkatalia. Siku hizi tunaletewa za plastiki tupu, na kwenye droo yangu zimebaki tisa.