Video Kugoma Kucheza si Kazi ya Kampuni ya Simu

Dawati letu la elimu kwa umma hapa Arusha linaendelea kupokea malalamiko ya wananchi wanaodai kuwa kampuni za simu zinawahujumu bando, kwa kuwa video za YouTube zinazungukazunguka bila kucheza au zinaleta maelezo kwamba maudhui hayapatikani katika programu wanayotumia. Madai hayo si sahihi. YouTube ilianza kuwabana watumiaji wa vizuia matangazo mwaka 2023, na Aprili 2024 ikatangaza kuzihusisha pia programu za watu wengine zinazoonyesha video zake bila matangazo. Huo ni uamuzi wa mwenye jukwaa, kwa mujibu wa masharti yake, na kubadilisha laini hakutasaidia chochote.

Kwamba tangazo linakula bando ni kweli, na tunaelewa uchungu wa anayejiunga kwa siku. Wasiwasi wetu ni kwa anayekwenda kwa fundi simu pale Kilombero, akarushiwa faili la APK (faili la kusakinisha programu kwenye simu za Android) aliloambiwa ni "Vanced mpya", ilhali watengenezaji wa Vanced, programu ya kutazama YouTube bila matangazo, waliisitisha Machi 2022. Programu hiyo inaomba ruhusa ya kusoma SMS, naye anabonyeza "ruhusu" ili mpira usimpite. Tumelisema hili mara nyingi: programu ya kutazama video haina shughuli yoyote na SMS, ambako ndiko zinakoingia namba za uthibitisho za benki.

Aliyekwisha kuiweka azime data kwanza, kisha aifute. Baada ya hapo atumie kifaa kingine, si simu ileile, kubadilisha nywila ya akaunti yake ya Google, kuondoa vifaa asivyovitambua na kuwasha uthibitisho wa hatua mbili. Ahakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake kupitia *106#, na ujumbe wowote wa kitapeli autume kwenda 15040. Iwapo fedha zimechukuliwa, aiarifu benki mara moja, aende polisi na simu yenyewe bila kuiflashi, kwa kuwa kuiflashi kunafuta ushahidi, na asiondoke kituoni bila namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yake polisi.

Kuingia katika mfumo wa kompyuta wa mtu bila idhini ni kosa chini ya kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya faida iliyopatikana, kutegemea kipi ni kikubwa, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili.