Tathmini ya mazingira haina rungu

Wengi huamini kwamba sheria ya mazingira ya Marekani, NEPA, ndiyo inayozuia visima vya mafuta na gesi kwenye ardhi ya umma: ripoti ikionyesha madhara, basi mradi umekufa. Sivyo.

Sheria hiyo, iliyotiwa saini na Rais Nixon tarehe 1 Januari 1970, inaitaka serikali ichunguze athari na kuziweka hadharani kabla ya kuamua. Haiilazimishi kuchagua njia yenye madhara machache. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba kinachokatazwa ni kuamua gizani, si kuamua vibaya. (Hapo ndipo wanaharakati huvunjika moyo, na siwalaumu.)

Tazama jimbo la Wyoming. Machi 2019 jaji mmoja wa Washington aliona kuwa BLM, idara inayosimamia ardhi ya umma, ilikodisha huko vitalu vya mafuta na gesi bila kupima ipasavyo gesi zinazoongeza joto duniani. Je, alifuta mikataba? Hapana. Alisimamisha vibali vipya vya kuchimba kwenye ekari 300,000 hivi, akairudishia idara kazi yake iifanye upya.

Vibali hivyo navyo husahaulika. Kukodi kitalu, kwa kawaida miaka 10, hakumpi mtu ruhusa ya kuleta mtambo kesho yake. Kila kisima huombewa kibali chake, na mazingira hutazamwa tena, ingawa mara nyingine kwa harakaharaka. Vitalu vingine humaliza muda wake bila kutobolewa hata mara moja.